Usikate mwembe, badilisha paa

Swali: "Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimerithi ekari 4 wilayani Muheza, chini ya milima ya Usambara, zenye michungwa, minazi na miembe miwili mikubwa aliyoipanda babu yangu. Upande wa chini kinapita kijito. Nimechorewa ramani ya vyumba vinne, paa la kuficha, na sebule yenye kioo kikubwa kinachotazama milima, upande wa magharibi. Fundi anasema miembe yote miwili lazima ikatwe. Moyo unakataa. Nataka nyumba itakayonirudisha shambani, na wajukuu wakija wasishinde ndani na simu. Lakini malaria nayo naiogopa. Nifanyeje?"

Shikamoo Mwalimu.

Nianze na miembe, maana ndiyo iliyo hatarini leo. Fundi wako hakudanganyi. Kwa ramani uliyopewa, miembe ile ni adui kweli. Paa la kuficha lina kuta zinazopanda kuzidi bati pande zote, na maji ya mvua hukusanyika kwenye mfereji uliojificha nyuma ya kuta hizo. Mwembe haukomi kupukutisha majani, na msimu wa maua ndio usiseme. Majani yakiziba mfereji ule, maji hayana pa kwenda ila ndani: yanafuata ukuta, yanalowesha dari la jipsamu, na masika ya pili hayaishi kabla hujaona madoa ya kahawia juu ya kitanda chako. Fundi ameshaitwa kuziba nyumba kama hizo, tena mara nyingi. Kwa hiyo anaondoa mti. Ushauri wangu ni uondoe paa.

Paa la kuficha limeenea kwa sababu barabarani linaonekana la kisasa, na mjini kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20 sina ugomvi nalo sana. Shambani linakunyang'anya kitu ambacho huwezi kukirudisha kwa fedha yoyote, nacho ni upenu. Nyumba isiyo na upenu inapigwa na jua ukutani na mvua dirishani, kwa hiyo madirisha yanafungwa, mapazia yanashushwa, feni inawashwa, na mwisho unakaa katikati ya shamba la babu yako kama uliye Kariakoo.

Rudi kwenye paa la kawaida la migongo miwili, lenye mteremko wa kutosha majani kuteleza, na upenu utoke mita 1.2 nje ya ukuta. Namba hiyo siikisii. Muheza iko nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri mwezi Juni linainamia kaskazini kwa takriban nyuzi 28 kutoka utosini. Desemba linainamia kusini kwa nyuzi 18 hivi. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba linasimama utosini hasa, kivuli chako kikajificha chini ya miguu. Upenu wa mita 1.2 unashusha kivuli cha zaidi ya mita 2 kwenye ukuta wa kaskazini katika adhuhuri ya Juni, ambayo ndiyo mbaya kuliko zote kwa upande huo. Upande wa kusini kivuli kinafika chini kabisa. Maana yake, nyumba ndefu iliyolala mashariki–magharibi, yenye madirisha kaskazini na kusini, inaweza kuacha madirisha hayo wazi siku nzima na mvua ya kawaida isiingie.

Magharibi ni habari nyingine. Saa kumi jioni jua limeshashuka, linapita chini ya upenu wowote utakaojenga. Na huko ndiko mchoraji wako alikoweka kioo.

Kosa hili nalijua kwa sababu nimelifanya mwenyewe. Miaka yangu ya mwanzo kazini nilimchorea mzee mmoja nyumba ya mapumziko mlimani, sebule ikiwa na kioo cha upana wa mita 4 kinachotazama machweo. Siku ya kukabidhi kila mtu alipiga picha mbele yake. Niliporudi baada ya mwaka nikakuta pazia zito limefunika kioo chote, kutoka juu hadi sakafuni. Mwenye nyumba aliniambia kwa upole kwamba halijafunguliwa tangu mwezi wa pili. Jioni joto halivumiliki, na usiku taa ikiwaka, aliye ndani haoni mlima, anajiona mwenyewe kwenye kioo, huku wapita njia wakimwona yeye na sahani yake. Nilisimama mbele ya pazia lile sina la kusema. Nilikuwa nimempa picha ya mlima wakati yeye alikuja huko kuutafuta mlima.

Tangu hapo, kila ramani ya nyumba ya shamba inayofika mezani kwangu naiuliza swali moja: kutoka alfajiri mpaka kulala, nyumba hii itamtoa nje mwenyewe mara ngapi?

Nyumbani kwa bibi yangu, Korogwe, jiko lilikuwa nje, kisima nje, bafu nyuma ya uzio wa makuti. Kabla chai haijamalizika ulishavuka uwanja mara tano au sita. Hakuna aliyetuhubiria kuyapenda maumbile. Tulijua mwezi umeandama kwa sababu tulikuwa tunakwenda kuoga. Tulijua kusi limeanza kwa sababu moshi wa jiko umegeuka. Ramani ya kisasa ya vyumba vinne vilivyofungwa pamoja chini ya paa moja, jiko ndani, kufulia ndani, inaweza kukuacha siku tatu bila kukanyaga udongo, hata kama kila dirisha linatazama michungwa.

Sikwambii urudi kuchota maji kwa ndoo. Miaka uliyosimama darasani inatosha. Ninachopendekeza ni kuigawa nyumba yako mara mbili. Moja ni nyumba ya usiku: vyumba vitatu au vinne vya kulala, kila kimoja kikiwa na dirisha kaskazini na dirisha kusini, na choo cha ndani kwa ajili ya usiku. Hilo la choo usikubali mtu akushawishi vinginevyo. Giza, nyoka na magoti ya mtu mzima ni mambo ya kweli. Ya pili ni nyumba ya mchana: jiko, stoo, na ukumbi wa kulia usio na ukuta upande mmoja. Kati yake mita 7 au 8, zenye njia ya zege iliyoezekwa, isiyo na kuta. Mwembe mmoja ubaki pembeni mwa njia hiyo. Kila ukitaka chai, utapita karibu nao.

Nyumba ya mchana iwe upande wa magharibi, ya usiku mashariki. Pepo zako kuu mbili, kaskazi na kusi, zote zinaelemea kutokea mashariki, moja kaskazini-mashariki, nyingine kusini-mashariki. Jiko likiwa magharibi, moshi na harufu ya vitunguu vinaondoka badala ya kukupitia kitandani mwaka mzima. Tena jua kali la jioni litapiga ukuta wa stoo na jiko, ambako hakuna anayelala. Milima utaitazama ukiwa umekaa ukumbini, chini ya paa, bila kioo, na ukichoka na jua unasogeza kiti.

Sasa baraza. Watu wengi wanajenga kibaraza cha mita 1.2 mbele ya mlango kisha wanashangaa kwa nini hakuna anayekaa. Upana huo ni wa kupita tu. Ukifika mita 2.5, unakuwa chumba: mkeka unatandikwa, meza inaingia, mtu anapita nyuma ya aliyekaa bila kusema samahani. Mafundi wa mwambao walilijua hili zamani. Benchi la baraza katika nyumba za Lamu na Unguja limejengwa pamoja na ukuta, halihamishwi, na kwa hiyo mtu hualikwa kukaa hata kabla hajabisha hodi. Lako lijenge la tofali, kimo cha sentimita 45, upana wa kutosha mtu kujinyoosha mchana.

Nyumba hizo za mawe zina funzo jingine ambalo halitajwi sana. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wake ulipimwa na boriti ya mkoko. Mti ulipoishia, chumba nacho kiliishia. Mimi ningependa nyumba yako iwe na wembamba wa namna hiyo, ingawa mbao za leo zinaruhusu zaidi. Chumba cha upana wa mita 4, chenye madirisha pande mbili zinazoelekeana, kinapitisha upepo toka ukuta hadi ukuta. Ukiweka vyumba viwili mgongo kwa mgongo na korido katikati, kama ramani nyingi zinavyofanya, upepo unaingia dirishani na kukwama hapo hapo.

Kuhusu joto la bati, tazama alichofanya msanifu majengo Francis Kéré kijijini kwao Gando, Burkina Faso, katika shule ya msingi iliyokamilika mwaka 2001. Aliweka dari la tofali za udongo lenye matundu, kisha bati akaliinua juu kabisa ya dari hilo kwa kenchi nyepesi zilizoungwa kwa nondo, upepo ukawa unapita katikati. Hewa ya moto inatoka kabla haijamfikia mtoto. Shule hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan mwaka 2004, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker, iliyo kubwa kuliko zote katika fani yetu. Huhitaji kuiga paa lake. Chukua kanuni yake tu: kati ya bati na dari pawe na nafasi, na nafasi hiyo iwe wazi pande zote mbili ili ipumue. Dari lenyewe linaweza kuwa la mbao au la mikeka ya ukindu badala ya jipsamu.

Hapo ndipo tunafika kwenye malaria, na unayo haki ya kuogopa. Nyumba ya kukaa karibu na mimea isiyomfikiria mbu ni uzembe, na wataalamu wenzangu wengi wanalipita jambo hili haraka kwa kuwa wavu hauvutii kwenye picha.

Mbu wa malaria, Anofelesi, huingia nyumbani hasa kupitia mwanya ulio kati ya ukuta na paa. Anapanda ukutani akifuata harufu ya pumzi, akigusa upenu anateleza ndani. Jibu la wengi ni kuuziba mwanya kwa tofali. Mbu wanapungua, lakini joto linapanda, na mtu aliyeshindwa na joto hutupa chandarua pembeni au huhamia nje usiku, kwa mbu wengine. Mwanya uache, uzibe kwa wavu imara uliokazwa kwenye fremu za mbao, zinazofunguka ili usafishwe. Madirisha yote yawe na wavu, na milango ya nje iwe na mlango wa pili wa wavu wenye springi ya kujifunga wenyewe, maana mtoto hafungi mlango.

Haya yamejaribiwa wilayani kwako. Katika kijiji cha Magoda, Muheza, zilijengwa nyumba 6 za majaribio, kazi ya wasanifu wa Denmark walioshirikiana na watafiti wa malaria. Walichukua mawazo kutoka nyumba za vijijini za Asia ya Kusini-Mashariki: sakafu iliyoinuliwa, kuta nyepesi zinazopitisha hewa, nyingine zikiwa za ghorofa, vyumba vya kulala juu. Jaribio hilo lilizaa jingine kubwa zaidi mkoani Mtwara, la nyumba 110 zenye jina la Star Homes: ghorofa moja, kulala juu, kuta za juu za wavu wa kivuli, maji ya mvua yanavunwa, choo safi pembeni. Kulala juu kuna maana yake, kwa kuwa Anofelesi wengi huruka karibu na ardhi. Huko Gambia vibanda vya majaribio vilipoinuliwa hatua kwa hatua kutoka ardhini, kila vilipopanda ndivyo mbu walivyopungua ndani.

Kwa umri wako sikushauri chumba cha juu. Lakini kwa wajukuu, ghorofa ndogo ya mbao juu ya stoo, yenye kuta za wavu, kimo cha matawi ya mwembe, ni jambo ningelifikiria kwa uzito. Na kona moja ya baraza, mita 3 kwa 2.5, izungushie wavu kutoka sakafuni hadi kwenye kenchi. Giza likiingia hamieni hapo. Mtasikia usiku wote wa shamba, na chandarua bado mtakitumia mkilala.

Mila moja ya zamani usiiache: uwanja unaofagiwa. Mita 4 au 5 za udongo mtupu kuizunguka nyumba, bila nyasi, zinafagiliwa kila asubuhi. Nyoka anaonekana kabla hajafika mlangoni. Mafundi wa mjini watakutaka uweke pevingi. Pevingi hunywa jua mchana na kulitema usiku dirishani kwako. Udongo uliofagiwa chini ya kivuli unabaki baridi.

Kijito najua kinakuvuta, na najua ungependa nyumba iwe karibu nacho. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa, au ufukwe wa bahari. Hata isingekuwa sheria ningekukataza, kwa sababu ya mafuriko na ya mbu. Jenga juu, kisha tengeneza njia ya kuteremka kijitoni, yenye kigogo cha kukalia mwisho wake. Mahali panapokutaka utembee dakika 3 kupafikia, utapatembelea kwa nia, na huko chini mimea itabaki kama ilivyo.

Kuta zijenge kwa tofali za udongo za kufungamana. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umezihimiza kwa miaka mingi, na mashine za kuzifyatua si ngeni tena. Unachanganya udongo wa chini, baada ya kuondoa ule mweusi wa juu, na saruji kiasi cha asilimia 5 hadi 10, unaugandamiza, kisha tofali zinakaa kivulini zikimwagiwa maji. Tofali za kuchoma zinahitaji tanuri, na tanuri linahitaji kuni. Sitaki mti mwingine ufe kwa ajili ya ukuta wako baada ya kuuokoa mwembe. Kwanza upime udongo: jaza chupa hadi nusu, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, acha siku moja. Mchanga utakaa chini, mfinyanzi juu. Ukiona mfinyanzi ni mwingi, ongeza mchanga, la sivyo tofali zitapasuka. Nje usipige plasta. Upenu wa mita 1.2 ndio utakaozilinda na mvua, na rangi ya nyumba itakuwa rangi ya shamba lako.

Paa la migongo miwili lina zawadi nyingine: gata iko nje, unaifikia kwa ngazi, majani unayatoa kwa mkono. Kila milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Ukiwa na paa la mita 150 za mraba, upenu ukiwemo, na ukitoa moja ya tano kwa maji yanayopotea, mvua ya milimita 42 tu inajaza simtanki la lita 5,000. Kabla ya tangi weka bomba la kumwaga maji ya kwanza, yanayosafisha vumbi na kinyesi cha ndege, na mdomo wa tangi ufunge kwa wavu. Maji ya bafuni na ya kuoshea vyombo yapeleke kwenye migomba.

Miembe ulinde mizizi yake. Piga mstari wa chokaa chini pale matawi yanapoishia, mchana jua likiwa utosini, na msingi usivuke mstari huo. Lori la kokoto nalo lisiegeshwe ndani yake, kwani udongo ukishindiliwa mizizi inakosa hewa, na mti hufa polepole baada ya miaka miwili, wakati hakuna anayekumbuka lori. Njia ya kuunganisha nyumba mbili ikipita karibu na mti, iweke juu ya nguzo chache badala ya msingi mrefu. Minazi ni kinyume chake: kaa nayo mbali, usiweke baraza wala tangi chini ya mnazi. Na upande wa magharibi, mbele ya jiko, panda sasa hivi mfenesi na mkungu, vuli hii, kabla hata ya kuchimba msingi, ili nyumba ikimalizika kivuli kiwe kimeshaanza.

Kuhusu lini uanze kujenga, ningekuomba usubiri masika moja. Najua fundi ana haraka na saruji inapanda bei. Lala pale siku chache katikati ya Aprili, hata kwenye kibanda cha mlinzi. Mvua kubwa ikinyesha toka na mwavuli, uchomeke vijiti kila maji yanapopita na kila yanapotuama. Vijiti hivyo vitakwambia mahali pa nyumba kuliko mtu yeyote mwenye kamba ya kupimia, mimi nikiwemo. Usikubali greda lije kusawazisha. Nyumba mbili nyembamba zinaweza kukaa kila moja kwenye ngazi yake, na tofauti ya kimo ikawa hatua tatu kwenye njia ya katikati.

Fedha ikipungua, kata kwenye vigae, jipsamu na geti. Usikate kwenye upenu, wavu na gata.

Na hao wajukuu: soketi ya kuchajia simu iweke moja tu, barazani, upande unaotazama mwembe.